Skana inalia, mfumo unagoma: kutafuta tatizo pale hospitali inapohamia GS1

Hospitali ikianza kuhama kutoka kodi (code) zake za ndani za bidhaa kwenda GS1, yaani mfumo wa kimataifa wa namba na kodi za kutambulisha bidhaa, utasikia sentensi moja kila kona: "mfumo umegoma". Stoo wanasema mfumo umegoma, famasi wanasema hivyohivyo, manunuzi invoisi zimewalalia mezani nao wimbo ni uleule, anaitwa mtu wa IT anarestati anaondoka, kesho yake hali iko palepale. Ukichunguza, mara nyingi mfumo haujagoma chochote, umeletewa kitu usichokijua, au umeletewa kitu kibovu ukakimeza kimyakimya. Hiyo ya pili ndo ya kuogopa, maana inayogoma angalau unaiona.

Utaratibu ni huu: angalia nini kimeprintiwa kwenye boksi, halafu skana imetuma nini, halafu mfumo umehifadhi nini. Kwa mpangilio huo. Wengi wanaanzia mwisho, wanaingia kwenye databesi kurekebisha rekodi moja moja kwa mkono, na wiki ijayo wanarekebisha tena zilezile.

Kabla ya yote tukumbushane kidogo. GTIN ndo namba ya bidhaa, inaweza kuwa na tarakimu 8, 12, 13 au 14, na kwenye databesi inajazwa sifuri mbele mpaka zifike 14. GLN ni tarakimu 13, hiyo ni ya taasisi au mahali. SSCC ni tarakimu 18, ya mzigo kama paleti au katoni iliyofungwa kwa safari. Ndani ya DataMatrix (ile ya vidoti, ya mraba) kila taarifa inatanguliwa na namba yake: 01 inakuja GTIN, 17 inakuja tarehe ya ekspaya, 10 inakuja bachi, 21 inakuja namba ya serial. Yale mabano unayoyaona kwenye lebo ni kwa ajili ya macho ya binadamu tu, ndani ya kodi hayapo.

Na kifaa chako kikuu cha uchunguzi ni Notepad. Fungua, weka kasa (cursor), skani boksi. Unachokiona hapo ndo skana inachoutumia mfumo, bila kupambwa.

Skana haisomi kabisa

Hapa pafupi. Kama ni skana ya leza ya zamani, inasoma mistari tu, DataMatrix haitaisoma hata uipigie magoti, unahitaji ya kamera. Kama ni ya kamera na bado haisomi, angalia kama setingi ya DataMatrix imewashwa, angalia plastiki inayong'aa juu ya lebo, angalia kama kuna mtu kabandika stika ya bei au ya rafu juu ya kodi (hii inatokea sana kuliko watu wanavyokiri). Vichupa vidogo vya duara vinasumbua kwa sababu kodi imejikunja. Kama boksi zima la bachi moja halisomeki ila bachi nyingine zinasomeka, hiyo ni printi mbovu ya kiwandani, piga picha mtumie saplaya, kuna viwango vya ISO vya kupima ubora wa printi, ISO/IEC 15415 kwa za vidoti na 15416 kwa za mistari, mwombe ripoti ya kipimo hicho.

Inalia vizuri, lakini mfumo unasema bidhaa haipo

Hii ina sababu kama sita, na mpangilio wa kuziondoa moja moja ni muhimu.

Kwanza hakikisha mtu kaskani kodi sahihi. Boksi moja linaweza kuwa na kodi ya mistari, DataMatrix, na QR ya kukupeleka kwenye tovuti ya kampuni, na skana inachukua iliyo karibu zaidi. Ukiona Notepad imeandika anwani ya tovuti, tatizo limeisha hapo.

Pili, tarakimu 13 dhidi ya 14. Kodi ya mistari inatoa 9501101530003, DataMatrix ya boksi hilohilo inatoa 09501101530003. Ni bidhaa ileile kabisa, lakini kwa kompyuta inayolinganisha herufi kwa herufi hizo ni mbili tofauti. Dawa yake ni kuhifadhi zote kwa tarakimu 14 kama maandishi na kujaza sifuri wakati wa kuskani, tena lifanyike sehemu moja tu ndani ya programu, msiwaachie watu waongeze sifuri kwa mkono.

Tatu, Excel. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu naamini Excel imeharibu data nyingi za stoo kuliko virusi. Saplaya anakutumia orodha ya GTIN, unafungua, sifuri ya mbele imeshapotea kabla hujagusa kitu. Ukisevu kama CSV wakati safu inaonyesha 9.5011E+12, kinachohifadhiwa ni hicho unachokiona, na ukiifungua tena unapata 9501100000000, namba ambayo haipo popote duniani. SSCC ndo inaumia zaidi: Excel inashika tarakimu 15 tu, kwa hiyo tatu za mwisho za SSCC zinageuka sifuri, moja kwa moja, na Excel za zamani hazitoi onyo lolote. Na bachi pia, bachi inayoitwa 12E4 inageuka 1.20E+05. Kwa hiyo faili la data kuu lisifunguliwe kwa kubofya mara mbili, liingizwe kwa njia ya kuimport huku safu zote za namba zikiwekwa kama maandishi. Na weka ukaguzi wa tarakimu ya mwisho mlangoni mwa mfumo, ile ya mwisho ya GTIN inakokotolewa kutoka kwenye zile zilizotangulia, ikikataa kulingana rekodi isiingie. Watu wa IT wanaandika hicho kipande cha programu asubuhi na mchana kinafanya kazi.

Nne, kodi siyo ya GS1. Ukiona Notepad inaanza na alama ya kujumlisha (+), hiyo ni HIBC, mfumo mwingine wa kodi, iko sana kwenye vifaa tiba. Ikianza na alama ya sawasawa (=), huenda ni ISBT 128, ya damu na tishu. Hizo si kodi mbovu. Kanuni ya Marekani ya utambulisho wa vifaa tiba ya 2013 inatambua watoaji watatu wa namba hizi, GS1, HIBCC (wenye HIBC) na ICCBBA (wenye ISBT 128), kwa hiyo hata mkitangaza kwa mbwembwe kwamba ninyi ni hospitali ya GS1 bado zitafika mlangoni kwenu. Mfumo ufundishwe kuzitambua.

Tano, bidhaa ilikuwa inasoma jana leo haisomi. Uliza kama kiwanda kimebadilisha kitu. Boksi la vipande 10 likiwa la vipande 12, GTIN inakuwa mpya, na ndivyo inavyotakiwa, na ile ya zamani kwenye afya haipewi bidhaa nyingine. Ongeza mpya, ya zamani iache ilipo maana mabaki yake bado yako kwenye rafu.

Sita, herufi za ajabu. Ukiona kwenye Notepad kitu kama à&àç( badala ya 01095, kibodi ya kompyuta imesetiwa Kifaransa na skana inadhani iko kwenye ya Kimarekani. Skana nyingi zinajifanya kibodi, zinachapa. Ndo maana pia Caps Lock ikiwashwa bachi ya herufi kubwa inaweza kuingia ya herufi ndogo, halafu baadaye unapata "bachi mbili" ambazo ni moja.

Bachi ndefu ajabu, tarehe haipo

Hii ndo ninayoipenda kuliko zote kwa sababu inaonekana kama uchawi. Boksi za saplaya mmoja zinaingia safi, za mwingine bachi inakuwa mtarimbo na sehemu ya ekspaya iko tupu. Stoo wanasema saplaya huyo mbovu, saplaya anasema lebo zake zimepita ukaguzi, na kinachowatesa wote wawili ni skana.

Angalia hii:

010950110153000310AB1217270531

Soma pole pole. 01 halafu tarakimu 14 za GTIN, sawa. Kisha 10, bachi. Bachi ni ipi? Kwenye lebo imeandikwa AB12, halafu 17 na tarehe 270531, yaani 31 Mei 2027. Lakini bachi haina urefu maalum, inaweza kwenda mpaka herufi 20, kwa hiyo kompyuta inajuaje kwamba imeishia kwenye AB12? Haijui. Inaendelea kula mpaka mwisho na kuhifadhi bachi AB1217270531. Ziko herufi 12, chini ya 20, hakuna kosa, inapokea kwa furaha.

Kinachotakiwa kuwepo baada ya AB12 ni kitenganishi, herufi isiyoonekana ambayo kwenye jedwali la ASCII (orodha ya namba za herufi za kompyuta) ni namba 29. Kiwandani huenda waliiweka vizuri kabisa. Ila skana inapojifanya kibodi, hiyo herufi haina kitufe, basi inaidondosha njiani. Saplaya ambaye "hana shida" ni yule aliyeweka tarehe kwanza na bachi mwisho, hapo kitenganishi hakihitajiki kwa sababu GTIN na tarehe urefu wake unajulikana. Siku atakayoongeza namba ya serial, ambayo nayo urefu wake unabadilika, na yeye ataanza kuleta shida.

Suluhisho ni mawili. Ama uhamishe skana kutoka hali ya kibodi kwenda hali ya USB-COM ambako kila herufi inapita, ama uisete itume alama mbadala kila inapokutana na kitenganishi, na programu iibadilishe. Chagua alama ambayo hairuhusiwi ndani ya bachi, mfano | iko salama. Usichague mkwaju (/) wala kistari (-), hivyo viko kwenye bachi za watu kila siku.

Na hapohapo kwenye setingi washa kitambulisho cha aina ya kodi. Skana itatanguliza herufi tatu: ]d2 maana yake DataMatrix ya GS1, ]d1 ni DataMatrix ya kawaida tu, ]C1 ni ya mistari ya GS1-128. Ukiona ]d1 kwenye boksi la dawa linalojinadi lina GS1, hapo kosa ni la aliyeprinti. Ukiona mabano kabisa kwenye Notepad, (01)0950 na kuendelea, ni kosa lake pia, kaingiza mabano ndani ya kodi. Hapo usiandike programu ya kuvumilia kosa, mrudishie, maana ukivumilia moja utavumilia yote na miaka miwili ijayo hakuna atakayejua ile programu inafanya nini.

Tarehe ipo lakini ni ya uongo

Dawa inaonyesha inaisha 30 Aprili, boksi limeandikwa Mei. Skani: utakuta 17270500. Siku ni 00. Kwa kanuni ya GS1 hiyo 00 inamaanisha siku ya mwisho ya mwezi huo, yaani 31 Mei. Lakini lugha kadhaa za programu ukizipa "siku ya 0 ya Mei" zinahesabu kurudi nyuma, zinakupa 30 Aprili. Hazikosei kwa hesabu zao, ila dawa nzima inatupwa mwezi mmoja kabla ya wakati na ripoti ya hasara inapanda bila mtu kujua kwa nini. Mifumo mingine inakataa kabisa, angalau hiyo unaiona.

Tatizo jingine la tarehe liko kwa anayeandika kwa mkono: 05/06 ni Mei sita au Juni tano? Kama kodi ipo, sehemu ya tarehe isiruhusu kuandikwa kwa mkono bila sababu kuandikwa.

Stoki ya kompyuta na ya rafu hazionani

Tofauti ikiwa ni mara 10, mara 12, mara 50 kamili, usitafute mwizi. Ni ngazi za ufungashaji. Pakiti ina GTIN yake, katoni ina GTIN yake. Pakiti 09501101530003, katoni inaweza kuwa 19501101530000, ile 1 ya mbele inaonyesha ngazi na tarakimu ya mwisho imebadilika kwa sababu inakokotolewa upya. Kama mfumo umeisajili katoni kama bidhaa yenye kipimo "1" badala ya "pakiti 10", mtu akipokea katoni anaingiza kimoja, akitoa pakiti kumi anatoa kumi, stoki inaenda hasi.

Kuna ubunifu mmoja wa hatari hapa: mtu anaona mfumo wa zamani unakubali tarakimu 13 tu, anakata ile 1 ya mbele, anabaki na 9501101530000. Hiyo namba ni batili, tarakimu ya mwisho ilitakiwa kuwa 3, lakini kama hakuna ukaguzi inaingia, na sasa mna bidhaa hewa.

Kila bidhaa ya ndani iwe na jedwali: kodi yenu ya ndani moja, chini yake GTIN zote za viwanda vyote na ngazi zote, na kila GTIN idadi yake kwa kipimo cha msingi. Kodi ya ndani msiifute, ripoti zenu za miaka ya nyuma zinaitegemea. Wanaojaribu kuifuta siku ya kwanza ndo haohao wanaorudi kwenye daftari.

Invoisi zinakwama

Fupi: mmeoda kwa boksi, saplaya kaandika bili kwa kipande, bei hazilingani, mfumo unazuia malipo. Linganisheni GTIN iliyoodiwa na iliyobiliwa, kama ni ngazi tofauti jibu limepatikana. Ikiwa GTIN ni ileile basi angalia bei kwenye mkataba, pengine upande mmoja haujasasisha.

Mzigo ukienda stoo isiyo yake, hapo angalia GLN. Hospitali nyingi zinachukua GLN moja kwa jengo zima halafu zinashangaa vifaa vya theata vinashukia famasi. Nyingine zinatoa GLN kwa kila rafu, mwaka mmoja baadaye rafu zimehamishwa na orodha haina mwenyewe. Toa GLN mahali ambapo mzigo unapokelewa au gharama zinahesabiwa, basi, na awepo mtu mmoja mwenye jina anayeitunza.

Bachi imetangazwa irudishwe, na hamjui iko wapi

Mmeskani miezi mingi, tangazo linakuja, na bado mnatembea wodi kwa wodi na karatasi. Angalia sehemu mbili. Moja, je mnaskani kodi ya mistari ya kawaida, ile EAN-13? Hiyo haina bachi. Kodi za namna hiyo zilizaliwa kwa ajili ya kaunta ya duka, dada yake UPC iliskaniwa mara ya kwanza Juni 1974 kwenye pakiti ya chingamu huko Ohio, Marekani, hakuna aliyefikiria ibebe bachi ya dawa. Mnaskani kwa bidii na mnachokusanya ni nusu.

Mbili, na hii ni ya kificho: mnapokea kwa bachi lakini mnatoa bila bachi. Mfumo unapotoa unachagua wenyewe bachi inayoisha mapema, wakati mtoaji kashika iliyo karibu na mkono. Kwenye skrini wodi ya watoto imepewa AB12, kwenye friji yao ipo AB15. Jaribu leo: nenda wodi yoyote, chukua bidhaa tano, linganisha bachi na kompyuta. Zikitofautiana, lazimisha kuskani wakati wa kutoa, hata kama foleni itarefuka kidogo mwanzoni.

Watu hawaskani, au wanaskani kitu kingine

Ukiona vitu 40 vimeskaniwa ndani ya dakika mbili, mahali fulani kuna karatasi ya kodi imebandikwa mezani. Usianze na barua ya onyo. Utafiti uliochapishwa 2008 kuhusu hospitali za Marekani uliorodhesha aina 15 za njia za mkato kwenye kuskani dawa za wagonjwa, manesi wengine walikuwa wamebandika kodi za wagonjwa kwenye toroli na kwenye miimo ya milango, na sababu zilizotajwa zilifika 31: lebo zilizochanika, betri zinazokufa, mtandao unaokatika, dawa zisizo na kodi kabisa. Hakuna hata moja kati ya hizo nne inayotibiwa kwa semina. Kaa nao saa moja kazini, hesabu ni mara ngapi skana imekataa, utajua kwa nini karatasi iko mezani.

Saplaya anasema "data tumeshatuma"

Kutuma na kuwa sahihi ni mambo mawili. Hata data inayokuja kwa GDSN, mtandao wa kimataifa wa kubadilishana data za bidhaa, inajazwa na binadamu upande wa pili, na utakuta katoni imeandikwa uzito wa pakiti. Chagua bidhaa zinazotembea zaidi, shika boksi mkononi, skani, pima, linganisha na rekodi yao mstari kwa mstari, mtumie tofauti. Na kwenye mkataba unaofuata andikeni wazi: GTIN kwa kila ngazi, DataMatrix yenye bachi na ekspaya kwenye pakiti, taarifa ya mabadiliko ya ufungashaji kabla mzigo haujatoka, na mzigo usiosomeka urudi kwa gharama zake. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kinachosomwa na mabosi wao.